Wimbo wa Mtu Mmoja Hauzaliwi na Mtu Mmoja

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Yaelekea vijana wetu wa Magogoni wamekata shauri kuwabishia wahenga hao. Pita mtaani humu baada ya sala ya isha, usikilize madirishani. Chumbani mna kijana mmoja, kompyuta moja na spika mbili ndogo. Kijana huyo ndiye mpiga ngoma, ndiye mpiga gitaa, ndiye mwimbaji na ndiye kundi zima la waitikiaji. Akitaka nzumari, huitafuta sauti ya nzumari iliyohifadhiwa na mtu mwingine katika nchi nyingine, akaibandika panapostahili. Kabla ya alfajiri wimbo umekamilika, na kesho yake unasikika ndani ya matatu inayoelekea Kongowea.

Kuhusu jambo hili watu wa mtaa wamegawanyika makundi mawili. Wazee wanasema huo si muziki. Kwao muziki ni mkutano: mpiga udi, mpiga fidla, wapiga ngoma, mwimbaji na wasikilizaji wanaotunza. Asiyeweza kukaa na wenzake akapiga, wanasema, na aende akauze vitunguu. Vijana nao wanajibu kwamba bendi ni gharama na fitina, kwamba nauli ya watu wanane ni nyingi kuliko malipo ya harusi, na kwamba mtu akiwa na kipaji hahitaji msaada wa yeyote.

Safu hii haioni kama upande wowote umeupata ukweli wote. Mtu anaweza kuupiga wimbo peke yake, tena ukawa wimbo usiosahaulika. Hayo yamekwisha kutokea, na aliyeyafanya alizaliwa katika mji huu huu wa Mombasa. Lakini mtu huyo hakuwa peke yake hata siku moja, na hilo ndilo linalosahauliwa na vijana wetu, na kwa bahati mbaya linasahauliwa pia na shule zetu. Tunaomba mwalimu na mwanafunzi wauchunguze pamoja nasi wimbo uitwao Kothbiro.

Tuanze na mtu mwenyewe. Ayub Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akaitwa Job Seda. Wazazi wake walikuwa Waluo na walikuwa wanamuziki. Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi walisafiri naye hadi Chicago, Marekani, nao wakawa wakiwapigia Wamarekani muziki wa Kiluo. Kwa hiyo masikio yake yalilelewa na nyimbo za kwao na pia na muziki wa ughaibuni. Aliporejea Kenya na kuwa kijana, alijiunga na wenzake wa Nairobi katika bendi ya Black Savage, vijana wa miaka ya 1970 waliokuwa wakichanganya mitindo ya Marekani na Uingereza na ile ya kwetu. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya African Heritage, ambayo iliyapa makao mapya mavazi na ala za kiasili katika jiji lililokuwa likizionea haya.

Tunataja safari hiyo kwa makusudi. Kabla mtu huyu hajajulikana ulimwenguni kama mpigaji wa peke yake, alikwisha kupitia katika mikono ya wazazi wawili na bendi mbili. Alifundishwa kusikiliza kabla hajafundishwa kung'ara.

Sasa tuitazame ala aliyoichagua. Nyatiti ni ala ya Waluo yenye nyuzi nane. Mwili wake ni bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Zamani nyuzi zake zilikuwa za mishipa ya mnyama. Siku hizi mafundi wengi hutumia nailoni, uzi ule ule ambao wavuvi wetu huufanya mshipi. Mpigaji wa kimila huketi juu ya kigoda kifupi, na ala hulazwa karibu na ardhi. Vidole vya mikono miwili hudonoa nyuzi. Katika kidole gumba cha mguu wa kulia huvaliwa pete nzito ya chuma, iitwayo oduong'o, ambayo hugongwa kwenye mti wa ala na kutoa mdundo. Mguuni hufungwa gara, ambazo ni njuga za chuma, nazo hulia kila mguu unapotikisika. Na wakati viungo vyote hivyo vikishughulika, kinywa kinaimba, kinasifu, kinakejeli na kusimulia.

Na ahesabu msomaji. Nyuzi ni moja, pete ni ya pili, njuga ni ya tatu, sauti ni ya nne. Mtu mmoja, ala nne, wakati mmoja. Vijana wetu wanadhani kwamba msanii anayepiga kila kitu mwenyewe ni uzushi ulioletwa na kompyuta. La hasha. Nyanza jambo hilo ni la jadi. Tofauti ni kwamba thum, kama Waluo wanavyouita muziki huo, haukuruhusu mtu kurekodi mguu leo na mkono kesho. Viungo vyote vilipaswa kupatana saa ile ile, mbele ya watu waliokuwa wanajua, ambao wangecheka kama mguu ungechelewa.

Wimbo wa Kothbiro ulipata kurekodiwa kwanza na Black Savage katika miaka ya 1970. Jina lake kwa Kiluo lina maana kwamba mvua inakuja, na maudhui yake ni ya kawaida kabisa kwa mfugaji: mawingu yametanda, ng'ombe warudishwe nyumbani. Katika sura hiyo ya kwanza ulikuwa wimbo wa bendi, wenye watu kadhaa na ala kadhaa. Ulikuwa mzuri, ila haukufika mbali.

Mwaka 1986 mtunzi wake aliondoka Kenya kwenda Uingereza, akaichukua nyatiti. Huko akapiga muziki katika vituo vya reli ya chini ya ardhi ya London, mahali ambapo abiria hupita mbio na msanii huishi kwa sarafu anazotupiwa. Na afikirie mwalimu maana ya darasa hilo. Msikilizaji wako hajui lugha yako, hakukujia wewe, na atakuwa mbele yako kwa muda usiozidi nusu dakika. Huna bendi ya kukuficha. Huna mwitikiaji wa kukubeba pumzi zikikuishia. Wimbo uliojaa mapambo hufa papo hapo. Unaobaki ni ule tu ambao ukivuliwa kila kitu bado una mifupa.

Huko ndiko aliposikika, akaalikwa katika tamasha la WOMAD mwaka 1988. Kisha mwaka 1993 kampuni ya Real World, ambayo mwanzilishi wake ni mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel, ilitoa albamu yake iitwayo En Mana Kuoyo, yaani ni mchanga tu. Ndani yake mna Kothbiro, ule ule wa Black Savage, ukiwa umezaliwa upya. Safari hii umevuliwa kelele zote. Mbele kuna nyatiti ikirudia mviringo wake mfupi, kama mtu anayetembea bila haraka, na juu yake sauti ya mwimbaji ambayo haipandi ili kujionyesha. Baina ya sura hizo mbili ilipita miaka zaidi ya 15.

Hapo ndipo penye siri ya utengenezaji wa wimbo huu, nasi tungependa kila mwanafunzi mwenye kompyuta aizingatie. Watu wengi hudhani kutunga ni kuongeza. Sauti ikionekana nyembamba, wanaongeza ngoma. Ngoma ikionekana kavu, wanaongeza kinanda. Kinanda nacho kikipwaya, wanaongeza kelele za umati usiokuwapo. Kothbiro ulikamilika kwa kupunguzwa. Na kupunguza hakuwezekani kwa mtu ambaye hajui kilicho cha lazima. Na kukijua cha lazima huja kwa miaka ya kupiga na wenzako, ukasikia nani akinyamaza wimbo huanguka na nani akinyamaza hapana anayegundua.

Mwaka 2005 wimbo huo ulitumika katika filamu ya The Constant Gardener, ambayo kisa chake kinatendeka Kenya. Watu wa mataifa ambao hawajui Kiluo hata neno moja walitoka katika majumba ya sinema wakiuliza yule aliyeimba ni nani. Huku kwetu Mombasa, mji uliomzaa, wengi hatukuuliza.

Pengine msomaji atasema kwamba mfano huu ni wa ala ya kale, na kwamba mambo ya mitambo ni mengine. Basi tumchukue mtu wa mitambo, tena bingwa wao. Mwaka 1972 Mmarekani Stevie Wonder, kipofu tangu uchanga, alitoa albamu iitwayo Talking Book. Wimbo wake mashuhuri humo ni Superstition, ambao ulifika nafasi ya kwanza Marekani mwezi wa Januari 1973. Katika wimbo huo yeye ndiye aliyepiga ngoma, ndiye aliyepiga kinanda cha umeme kiitwacho klavineti kinachoubeba wimbo mzima, ndiye aliyetoa besi kwa mtambo wa sauti wa Moog, na ndiye aliyeimba. Ngoma zilitangulia kurekodiwa. Kisha kila ala ikawekwa juu ya mwenziwe, tabaka kwa tabaka, kama mwashi apangavyo mawe. Hakuna kijana wa Magogoni anayefanya leo kwa kompyuta jambo ambalo kipofu huyo hakulifanya kwa vidole na kanda kabla wazazi wa kijana hawajaoana.

Lakini tuchungulie nyuma ya pazia. Waliokuwa wakiiongoza mitambo ni mafundi wawili, Malcolm Cecil na Robert Margouleff, ambao walikuwa wameunda mtambo mkubwa wa sauti uliojaa chumba, na bila wao Stevie asingezipata zile sauti. Tarumbeta na saksafoni zilizomo hakuzipiga yeye. Zilipigwa na Steve Madaio na Trevor Lawrence. Hata ule mdundo wa ngoma unaofungua wimbo, mpiga gitaa Mwingereza Jeff Beck amesimulia kwamba ulianza pale yeye mwenyewe alipokuwa akichezea ngoma studioni, Stevie akausikia. Isitoshe, Stevie Wonder aliingia katika kampuni ya Motown akiwa na umri wa miaka 11, tayari akijua piano, ngoma na kinanda cha mdomo. Alipofika mwaka 1972 alikuwa na miaka 22 tu ya umri, lakini zaidi ya 10 ya kazi, naye alikuwa amelelewa miongoni mwa wapigaji waliokuwa stadi kuliko wote nchini mwake.

Kwa hivyo tumeona mifano miwili, mmoja wa uzi na ngozi, mwingine wa umeme. Yote miwili inasema neno moja. Anayepiga peke yake ni mtu aliyebeba wengine ndani yake. Kidole kimoja hakikuvunja chawa. Ni kwamba vile vidole vingine hatukuviona.

Kama jambo hili lingekuwa la falsafa tu, tungeliachia hapa. Lakini lina gharama yake, na gharama hiyo hulipwa kwa fedha na kwa machozi. Mwaka 2018 Mmarekani Kanye West alitoa wimbo uitwao Yikes, ambao ndani yake mlikuwa na kipande cha Kothbiro. Kipande hicho hakikutoka katika albamu ya 1993. Kilitoka katika ile sura ya kwanza, ya Black Savage. Na katika orodha ya watunzi yaliandikwa majina mawili ya Wakenya: Ayub Ogada na James Mbarack Achieng. Wangapi miongoni mwetu tunalijua hili jina la pili? Tulizoea kusema Kothbiro ni wimbo wa mtu mmoja. Hati zinasema vingine, na ni hati zinazoamua mirabaha iende wapi.

Hii ilikuwa heri, kwa kuwa majina yaliandikwa. Wimbo wa Malaika haukuwa na heri hiyo. Fadhili William, mwana wa Taita, aliurekodi mapema katika miaka ya 1960, na sauti ya Miriam Makeba ikaufikisha kila bara. Lakini Adam Salim wa Tanzania alidai kwamba ndiye aliyeutunga, miaka mingi kabla. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na mjadala haukuzikwa naye. Wimbo unaojulikana kuliko nyimbo zote za Kiswahili hadi leo unaimbwa huku watu wakibishana ni wa nani. Kama siku ile ya kwanza mtu angechukua karatasi akaandika nani katunga maneno, nani kaweka sauti, nani kapiga gitaa, tusingekuwa na kesi.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ipo, ilitungwa mwaka 2001. Lakini sheria humlinda anayeweza kuthibitisha. Kijana wa Magogoni anayebandika katika wimbo wake nzumari ya mtu asiyemjua, ngoma ya mtu asiyemjua na kibwagizo alichopewa na jirani yake jana, kisha akaandika jina lake peke yake, anajitayarishia aibu. Ikiwa wimbo hautavuma, hapana neno. Ukivuma, ndipo jirani atakapokumbuka.

Tumefika shuleni, na hapa tunaomba walimu watuvumilie, kwani tunayoyasema tunayasema kwa mapenzi. Mapema katika miaka ya 2000 idadi ya masomo yaliyotahiniwa katika mtihani wa KCPE ilipunguzwa, na muziki ukawa miongoni mwa yaliyoachwa. Ukabaki katika ratiba za ukutani, lakini kila mzazi na kila mwalimu anajua hatima ya somo lisilotahiniwa. Kipindi chake hugeuzwa kuwa cha hesabu. KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na sasa tunao Mtaala wa Umilisi, ambao umeirudisha sanaa darasani na kuipa njia yake katika Sekondari Pevu, pamoja na michezo. Kwa maandishi, basi, tumetubu. Swali ni hili: mwanafunzi anayechagua njia hiyo atashika nini mkononi?

Maana ala hazifundishwi kwa picha. Mtoto anayejua kwamba nyatiti ina nyuzi nane kwa sababu amesoma kitabuni, naye hajawahi kuugusa hata uzi mmoja, hajui nyatiti. Anajua hesabu ya nane. Tunalo Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, na hatuna budi kulishukuru, kwa kuwa limeziweka hai ala nyingi ambazo vinginevyo zingekuwa kuni. Hata hivyo, aghalabu shughuli hiyo huwa ya wachache na ya majuma machache. Kikombe kikiisha kupatikana au kukoswa, ngoma hurejeshwa stoo, na buibui huanza kazi yake.

Kuna hoja tatu ambazo hutolewa kila jambo hili linapotajwa, nasi hatutaki kuzikwepa. Ya kwanza ni fedha. Ni kweli kwamba piano ni ghali. Lakini nani kasema tuanze na piano? Nyatiti ni mti, ngozi na uzi. Kayamba ni matete na mbegu. Mafundi wapo, na bei zao si za kumfilisi mtu. Shule inayoweza kununua mipira minne kwa mwaka inaweza kununua ala moja.

Hoja ya pili ni kwamba hakuna walimu. Hapa Magogoni ndipo tunaposhangaa. Mtaa huu una Wamijikenda, Waswahili, Waluo, Wakamba, Wataita na wengineo, ukuta kwa ukuta. Miongoni mwao wapo wazee waliozaliwa na ngoma mikononi, ambao leo ni mabawabu, maseremala na wauza samaki. Hawana shahada, ila wana muziki. Eriko Mukoyama, mwanamke wa Kijapani ambaye Wakenya wanamjua kwa jina la Anyango, alivuka bahari akaenda kuishi kijijini Siaya ili afundishwe nyatiti, ala ambayo kimila ilikuwa ya wanaume. Mjapani ameyavuka maji yote hayo. Sisi tunashindwa kuvuka uchochoro.

Hoja ya tatu ni ya dini, nayo pwani hii haifai kubezwa. Wapo wazazi Waislamu wanaoona shaka juu ya ala, hasa za nyuzi, na watoto wao wana haki ya kuheshimiwa. Lakini wengi wa wazazi hao hao hawana shaka juu ya dufu na kasida za maulidi, ambazo zina mapigo, zamu na nidhamu za kutosha kumfunza mtoto kusikiliza wenzake. Mwalimu mwenye busara hatakosa mlango. Shabaha yetu ni sikio, na sikio laweza kufundishwa kwa ngoma, kwa dufu, au kwa makofi matupu.

Tungependekeza, basi, mambo machache ambayo hayangojei bajeti ya kaunti wala waraka kutoka Nairobi. Kila shule imtafute mzee mmoja wa mtaani na ala moja, wapewe saa moja kwa juma. Mwanafunzi anayetunga kwa kompyuta asikemewe. Aambiwe tu kwamba katika kila wimbo atakaouleta darasani, sehemu moja lazima iwe imepigwa kwa mkono wake mwenyewe, juu ya kitu kinachoshikika. Akifanya hivyo miezi sita ataanza kusikia tofauti, na kompyuta yake itakuwa mtumishi wake badala ya kuwa bwana wake. Mwalimu wa Kiswahili naye, hata kama hajui muziki, anaweza kulisikilizisha darasa lake sura mbili za Kothbiro, ile ya bendi na ile ya nyatiti, kisha akawauliza wanafunzi nini kimeondolewa na kwa nini. Hilo ni somo la fasihi kamili, maana mshairi naye hupunguza.

Na kila darasa liwe na daftari. Wimbo ukitungwa, iandikwe tarehe, na yaandikwe majina: aliyeleta maneno, aliyeleta sauti, aliyepiga, aliyerekebisha, hata aliyeazima simu ya kurekodia. Mtoto akilizoea daftari hilo akiwa na miaka 12, hatadhulumiwa akiwa na 30, wala yeye hatamdhulumu mtu. Atakuwa amejifunza kwamba kumtaja mwenzako hakukupunguzii kitu.

Lipo jambo moja la mwisho, nalo ni zito kidogo. Kwa nini Mombasa haikumdai Ayub Ogada? Mji huu una desturi ya kujivunia watunzi wake. Twawataja wapigaji wa udi na magwiji wa taarabu kwa majina ya baba na babu zao. Huyu tulimwacha. Tunachelea kwamba sababu ni jina lake na ala yake: tulimwona ni wa bara, basi sifa zake tukazipeleka bara. Magogoni imejaa watoto wa namna hiyo, waliozaliwa hapa, wanaozungumza Kiswahili cha hapa, lakini kila mara huulizwa kwao ni wapi. Ikiwa mmoja wao amejifungia chumbani usiku huu akitunga wimbo ambao siku moja utausimamisha ulimwengu, je, tutajua kwamba alikuwa wetu? Au tutasubiri filamu ituambie?

Ayub Ogada alirudi Kenya, akaishi Nyahera, karibu na Kisumu, na huko ndiko alikofariki tarehe 1 Februari 2019. Wimbo wake umebaki ukiwaonya watu kwamba mvua yaja. Sisi wa pwani tuna methali yetu kuhusu jambo hilo: dalili ya mvua ni mawingu. Katika madirisha ya Magogoni, baada ya isha, mawingu yamekwisha kutanda. Vipaji vipo, na vinanguruma. Mvua hii ikinyesha, itakuwa ya baraka kwa aliyetayarisha shamba lake, na kwa asiyelitayarisha itakuwa ya mafuriko. Shamba hilo ni shule, na jembe li mikononi mwa walimu.